Tangi la Mlangoni kwa Mama

Mimi nina hasira za karibu. Nasema mapema ili msije mkanishangaa huko mbele. Mama yangu huwa anasema nilizaliwa nimekunja uso, mpaka bibi akamuuliza mkunga kama kuna mtu aliyeniudhi humo ndani. Lakini hasira ya siku ile, siku niliyosimama katikati ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Korogwe nikapayuka mpaka wapita njia wakasimama mlangoni, ilikuwa na sababu yake. Sababu ilikuwa tangi la maji la mama.

Mama anaishi peke yake kijijini, nje kidogo ya Handeni, ukishika barabara ya Korogwe. Baba alishatangulia, na kaburi lake liko nyuma ya nyumba, karibu na mihogo. Habari ya maji huku kwetu sina haja ya kumweleza mtu aliyewahi kulala hata usiku mmoja. Maji ni ya lambo, na lambo lenyewe tunalichangia na ng'ombe. Wenye pikipiki huleta madumu, lakini siku ukiwa na shida nao ndiyo siku hawapiti. Mama alikuwa akijitwika ndoo yake miaka yote, mpaka magoti yakaanza kumkatalia.

Kiangazi kilichopita aliteleza kwenye mteremko wa lambo, ndoo ikaenda huku na yeye akaenda kule. Alikaa pale chini hana wa kumwinua mpaka vijana wa Kimasai walipofika kunywesha mifugo. Hakuvunjika, tunamshukuru Mungu, ila habari zilifika Korogwe kabla hata vumbi halijamtoka kwenye khanga.

Korogwe ndiko aliko kaka yangu mkubwa. Ana nyumba Manundu, ana biashara yake ya nafaka, na ana bomba uani, jambo ambalo hakosi kulitaja. Akaja na maneno mafupi. "Mama anahamia kwangu. Chumba kipo, kitanda kipo, chandarua nimeshatundika. Mjadala umekwisha."

Mama akamtazama. "Nikae kwako nifanye nini? Nikulindie mlango?"

Kaka anampenda mama, sitasema uongo. Ila kuna kupenda kwa kumwona mtu na kuna kupenda kwa kumbeba kama kifurushi. Mama ana kuku wake, ana mihogo yake, ana wenzake wa ukindu wanaokaa naye barazani mchana wakisuka mikeka na kumsengenya kila aliye hai. Na alishaona yaliyompata mdogo wake. Huyo wanawe walimchukua wakampeleka mjini, wakampa kiti uani, akakaa kwenye kile kiti akitazama ukuta wa jirani mpaka siku zake zikaisha. Mama hakuwa akiogopa kufa. Alikuwa akiogopa kile kiti.

Nikamwangukia kaka. Nilimwomba kwa upole nisiokuwa nao, na yeye mwenyewe akashtuka. Mwisho akasema, "Haya. Mpaka masika yaishe. Nikija nikakuta mama ana maji yake hapa mlangoni, akae. Nikikuta bado anakwenda lamboni, nampakia kwenye gari siku hiyohiyo, na wewe usinifungulie mdomo."

Basi kazi ikawa yangu. Mimi ni fundi cherehani Handeni mjini. Nilikuwa nimepata tenda ya kushona sare za shule, na fedha yake yote nikaielekeza kwenye tangi. Fundi wa kijijini akafunga mifereji kwenye bati la mama, akamwaga zege la kukalia tangi. Handeni tangi la saizi niliyotaka sikulipata, nikaenda Korogwe.

Duka nililoliendea ni la familia ya Kihindi iliyokuwepo pale tangu enzi za babu yao. Baba alipokuwa kibarua wa mkonge huko Mazinde, majembe na misumari yake alinunua hapo. Sasa anayekaa kaunta ni mama mmoja mjane, mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Kisambaa anakisema kuliko mimi Mzigua ninavyokisema Kizigua. Juu ya kichwa chake kuna ubao wa herufi nyekundu: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Ubao wa namna hiyo uko kila duka, na mimi niliusoma kama mtu anavyosoma neno Karibu.

Nililigonga tangi kwa ngumi kama mtu anayechagua tikiti maji. Likalia vizuri, nikajiona mjuzi. Yule mama akaniuliza, "Umelikagua? Hata ndani?" Nikamwambia nimelikagua, nilikuwa nawahi fuso lililokuwa linapeleka saruji Handeni. Likapandishwa juu ya saruji, na mimi nikakaa mbele na dereva nikigeuka nyuma kila kona kulitazama.

Kijijini walilipokea kwa vigelegele, maana ni tangi la kwanza upande ule wa kijiji. Mama alilizunguka, akalipapasa, akaingiza pua kwenye mdomo wake. "Lina harufu ya viatu vipya," akasema. Nikamwambia itaisha yenyewe, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Mvua ya kwanza ya masika ilinikuta kitandani. Niliposikia bati linalia nilicheka peke yangu gizani. Asubuhi nikampigia simu. "Mama, linajaa?"

"Linajaa, mwanangu."

Ikanyesha tena, nikapiga tena. "Limejaa sasa?"

"Linaendelea."

Mama yangu si mtu wa neno moja. Ukimuuliza habari za kuku atakupa na habari za mwewe. Lile "linaendelea" likanikaa vibaya. Ijumaa nikafunga kibanda mapema, nikanunua sukari, nikapanda bodaboda.

Nilimkuta njiani. Alikuwa anapanda kutoka lamboni, kidumu mkononi, mguu mmoja anaukokota, na manyunyu yanamnyeshea. Jamani! Masika yamepamba moto, mifereji inamwaga, halafu mama yangu anatoka lamboni! Nilimpokea kidumu hata kabla ya kumwamkia. Tulipofika nyumbani nikaona mwenyewe. Chini ya tangi kumekuwa matope, bata wa jirani wanaogelea, na tangi lenyewe ukiligonga linalia tupu.

"Linavuja tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na mimi unaniambia linaendelea?"

Mama akanishika mkono. "Usimwambie kaka yako," akasema. "Nakuomba."

Mama kuniomba mimi! Huyu ni mwanamke aliyewahi kumtoa nyoka ndani ya nyumba kwa mwiko wa ugali. Nikaona hofu machoni mwake, na damu ikanipanda kichwani. Nilipiga picha tangi, nikapiga picha matope, nikapiga picha na bata. Nikaondoka bila kunywa hata chai.

Sasa, sikwenda Korogwe mikono mitupu. Kibandani kwangu redio inalia kutwa nzima, na siku moja nyuma kidogo nilikuwa napinda sketi wakati mwanasheria mmoja, mwanamke mwenye sauti tulivu, anaeleza haki za mnunuzi. Akasema ule ubao wa mali ikishauzwa hairudishwi haumwoshi muuzaji. Akasema kitu kilichouzwa kwa kazi fulani lazima kiifanye hiyo kazi, na kikiwa na kasoro ambayo hukuonyeshwa wala hukuisababisha wewe, una haki ya kutengenezewa, kubadilishiwa, au kurudishiwa chako. Nilisimamisha cherehani nikasikiliza mpaka mwisho. Sikujua kwamba nitayahitaji maneno yale mapema hivyo.

Niliingia dukani na risiti nimeifunga kwenye pindo la khanga. Nilianza na shikamoo, maana hasira ni hasira na shikamoo ni shikamoo.

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Sikaribii. Umeniuzia tangi bovu."

Akavaa miwani, akanitazama vizuri, kisha macho yake yakapanda polepole kwenye ubao. Hapo ndipo nilipolipuka. Nilimwambia ule ubao ameuandika yeye, haukushuka kutoka mbinguni. Nilimwambia mwenye duka hawezi kuandika ukutani kwamba hana kosa akawa hana kosa, maana ingekuwa hivyo hata mwizi angetembea na ubao wake shingoni. Nikamwaga yote ya redioni, na mengine ya kwangu mwenyewe. Watu wakajaa mlangoni. Fundi bomba mmoja aliyekuwa ananunua viungio akasema, "Mpe, mama, mpe!" Sijui alikuwa anamwambia nani kati yetu.

Yule mama hakupandisha sauti. Aliuliza tu, moja moja. "Lilianguka wakati wa kushusha?"

"Halikuanguka."

"Mmeliweka juu ya mawe?"

"Fundi amemwaga zege."

"Kuna kitu cha moto kililigusa?"

"Moto! Nani anatia moto kwenye tangi la maji? Hivi mama unanionaje?" Watu wakacheka, na mimi nikapata nguvu. "Nakuapia, halijaguswa na kitu isipokuwa maji ya Mungu. Na usiponibadilishia nakwenda kwa afisa biashara sasa hivi, na picha ninazo."

Akavua miwani, akaifuta kwa mtandio wake. "Nenda, mwanangu. Ni haki yako," akasema. "Lakini kabla hujaenda, niache nilione. Keshokutwa gari yangu inapeleka mzigo Handeni. Nitakuja na mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, na yeye anasema anakuja nyumbani. Ikabidi nimwelekeze njia.

Alikuja kweli, na mvua ile. Aliteremka kwenye pikapu amevaa mabuti ya shambani, mwavuli mkono huu na pakiti ya biskuti mkono ule, dereva wake nyuma anaruka madimbwi. Mama akampokea barazani. Kumbe mama anamkumbuka mama mkwe wa mgeni, enzi zile baba akinunua majembe. Wakaanza habari za marehemu, wakahamia habari za magoti, maana wote wawili yanawauma, wakapeana dawa. Chai ikaja, mihogo ikaja. Mimi nimekaa kwenye ncha ya mkeka nawaza ushahidi wangu utakauka.

Mwisho yule mama akaweka kikombe chini, akasema, "Haya, shoga, tukalione hilo tangi."

"Kabla hujalitazama," mama akasema, "nikwambie jambo. Nililifukiza."

"Ulilifanyaje?" Hiyo ilikuwa sauti yangu.

Mama wala hakunigeukia. Akamweleza mgeni wake kwa utaratibu, kama anayemfundisha upishi. Maji ya kunywa, alisema, hayawekwi kwenye chombo kisichofukizwa, yatanywekaje? Mtungi mpya unauosha, unaufunika juu ya moshi, moshi unaingia ndani, na siku ya kunywa maji unaisikia ile harufu kabla hata hujameza. Lakini tangi nani ataliinua alifunike? Basi alichukua chetezo, akatia makaa, akatia ubani na magome aliyonunua kwa mama wa Kimasai mnadani, yale wanayofukizia vibuyu vya maziwa. Akafunga chetezo kwa kamba ya katani, akapanda kwenye kinu, akakiteremsha polepole humo ndani mpaka chini. "Likafuka, usiseme," akasema, na uso wake ukang'aa. "Nyumba nzima ilinukia." Kisha uso ukashuka. Wakati wa kukitoa, kamba ilikwama, chetezo kikainama, kaa moja likadondoka. Alilimwagia maji haraka, lakini alishasikia harufu ya plastiki inayoungua.

Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Niliapa! Niliapa mbele ya nusu ya Korogwe! Nikamnong'oneza, "Mama, nyamaza basi."

"Ninyamaze nini? Mtu ametoka Korogwe na mvua hii."

"Sasa kwa nini mimi hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulikuja unapiga kelele, ukapiga picha bata, ukaondoka." Akamgeukia mgeni. "Huyu ana mdomo kama cherehani yake. Na hapo kwake, mteja akirudi na gauni linalobana anaambiwa amenenepa." Yule mama akacheka mpaka akashika mbavu, na dereva akageukia ukutani ili nisimwone.

Lakini mama hakucheka. Alikuwa anapindapinda pindo la khanga. Akasema kwa sauti ya chini, "Nilijua nikisema, mwanangu wa Manundu atasema nimeshazeeka akili, natia moto kwenye plastiki, siwezi kuachwa peke yangu. Na atakuwa amesema kweli. Nilidhani nimeichoma mwenyewe nyumba yangu. Ndiyo nikawa nakwenda tu lamboni."

Hapo roho iliniuma kweli. Siku zote zile nilizokuwa nakasirika, yeye alikuwa anajihukumu. Alikuwa anashuka mteremko ule na magoti yale akidhani anayalipia makosa yake. Nikamwekea chai nyingine.

Tukatoka. Dereva na jirani yetu mmoja wakamwaga maji yaliyobaki, wakalilaza tangi ubavu. Yule mama akaomba khanga. Akapiga magoti kwenye matope, magoti yaleyale ya kulalamikiwa, akaingiza kichwa na mabega kwenye mdomo wa tangi, akaniambia nimfunike asione mwanga wa nje. Sauti yake ikatoka ndani kama ya mtu aliye kisimani. "Alama ya kaa naiona. Iko katikati." Tukamsikia anagonga. "Ni pazima, hapajatoboka. Sasa bonyezeni pembeni, pale chini linapokunja."

Wakabonyeza.

"Sogeeni. Hapo. Bonyezeni tena."

Bata wakapita.

"Naona mwanga," akasema. "Mama, njoo uone."

Mama akapiga magoti naye, akajisukuma humo ndani pembeni yake. Nikabaki nimeshika khanga juu ya wazee wawili ambao vichwa vyao viko ndani ya tangi na miguu yao iko nje, na sikujua nicheke au nilie. Nikamsikia mgeni akieleza. Alama ya kaa ile pale katikati, imekwaruza juu tu. Na ufa ule kule pembeni, mwembamba, unafuata mkunjo wa kitako, mahali ambapo plastiki haikushiba tangu kiwandani. Tangi likiwa tupu ufa unajifunga, likipata uzito unafunguka. Ndiyo maana nilipoligonga dukani lililia vizuri.

Mama alitoka na masizi shavuni na machozi juu ya masizi. "Siyo mimi," akasema. Akalirudia kwangu, kisha akamwambia na jirani, kama vile jirani alikuwa amemtuhumu. "Siyo mimi niliyeliharibu."

Yule mama akakaa kwenye kigoda, akakung'uta matope. Mimi nilijua anapima. Kaa lilikuwa limemtoa hatiani, mama yangu mwenyewe kalikiri. Angesema, "Mmelitia moto, kwaherini," akapanda gari lake, na mimi ningekwenda kwa afisa gani na kiapo changu kile? Mwanasheria wa redioni alisema kasoro usiyoisababisha wewe. Kaa pale, ufa pale, nani angenisikiliza?

"Kaa ni la mama," akasema mwishowe. "Ufa si wake. Nimewauzia kitu kibovu. Sikujua, lakini nimeuza mimi." Kisha akatazama mikono yake. "Kuna mzee wa Mnyuzi alirudi na tangi la mzigo huohuo. Alisema linavuja. Mimi nilimwonyesha ubao."

Mama akamsogezea sahani ya mihogo.

Akatuambia huko anakonunua kwa jumla nako kuna ubao, mkubwa kuliko wake. Akirudisha mzigo wanamuuliza kama aliuangusha njiani. "Mimi nami ni mnunuzi," akasema. "Ila sina mtu wa kumpigia kelele namna yako." Nikamwambia kelele ninazo za kutosha, na picha ninazo, na kwa afisa biashara twende wote wawili, tena na huyo mzee wa Mnyuzi akipatikana. Alidhani natania. Tulikwenda kweli baadaye, na mzee alipatikana, na malalamiko yakaandikwa, lakini hiyo ni safari nyingine na bado inaendelea.

Tatizo likawa muda. Matangi yaliyobaki dukani yalikuwa ya mzigo uleule, na alisema hataki hata kuyatazama, sembuse kunipa. Ikabidi asubiri mzigo wa kiwanda kingine. Na masika hayasubiri mtu. Kila mvua iliyopita niliihesabia mama, mabati yanamwaga maji chini tu, na yeye ametega beseni na masufuria kila kona. Nikamzuia kwenda lamboni, nikamlipa mwenye pikipiki, naye siku mbili analeta siku mbili haonekani. Mvua zikaanza kupungua. Kaka akapiga simu kwamba anakuja mwisho wa mwezi, na akaniuliza mama vipi. Nikamwambia mama hajambo. Kwa mara ya kwanza maishani nilijibu neno fupi.

Tangi likaja kwenye pikapu ileile, bila malipo ya nyongeza wala ya usafiri. Safari hii sikuligonga. Niliomba lilazwe, nikajifunika khanga, nikaingiza kichwa na mabega, dereva akibonyeza huku na jirani kule. Nilitazama mpaka macho yakaniuma. Ndani mlikuwa giza tupu. Nilitoka nikaona wenzake mama wa ukindu wamejipanga barazani wananitazama, na mmoja akauliza kama nimepata nilichokuwa natafuta. Nikamwambia, namshukuru Mungu, sikukipata.

Kisha tukasubiri mawingu. Sijawahi kutazama mbingu namna ile. Yakija yanapita, yanakwenda kunyeshea milima ya watu wengine. Mama naye nilimkuta anafungasha. Alikuwa amekunja mikeka yake miwili mizuri, ameifunga kamba. Nikauliza ya nini, akasema ya kuuza. Sikumwamini.

Mvua ilipokuja ilikuja mchana wa jua, ghafla, nzito, na haikutaka kuondoka. Nilikuwa kibandani. Nilisimama mlangoni nikapiga vigelegele, na mteja aliyekuwa anapimwa kiuno akadhani nimepandwa na kitu. Sikumpigia mama simu. Niliogopa kusikia "linaendelea". Jioni alipiga yeye. Akaniambia limejaa mpaka linamwaga juu, akaniambia na kuku walivyokimbia, na mwewe aliyelowa, na jirani aliyeteleza, na nani kasema nini. Nilimsikiliza mpaka salio lake likaisha.

Kaka alikuja siku aliyosema, na gari lake la nafaka. Nilikuwepo, nilihakikisha nipo. Alikuwa na kamba za kufungia mzigo begani, na alikuwa amevimba uso kama mtu aliyejiandaa kubishiwa. Vumbi lilikuwa limeanza tena, limemjaa kwenye kope.

Mama akachukua bakuli, akafungua koki, akampa. Kaka akanywa lote, akarudisha bakuli, akapewa la pili. Akaomba ya kunawa. Akanawa uso, akanawa mikono mpaka viwikoni, akanawa na shingo, taratibu, macho ameyafumba. Nikaona jambo lisilo la kawaida. Mtu mwenye bomba uani hanawi namna ile.

"Manundu hamjambo?" mama akauliza.

Kaka akatazama chini. "Hatujambo. Bomba tu limekauka. Wiki ya pili sasa linatoa upepo."

Nilifungua mdomo. Mama akanikata jicho, nikaufunga. Akaenda mpaka kwenye gari akichechemea, akachungulia nyuma. Palikuwa na nafasi iliyofagiliwa vizuri kwa ajili ya kitanda chake na kuku wake, na pembeni yake madumu matupu, ambayo bila shaka mke wa kaka alimwambia asirudi nayo hivyo.

"Teremsha," mama akasema.

"Mama, siyo hivyo..."

"Teremsha, mwanangu. Watoto wanaoga nini?"

Akakaa kwenye kigoda kando ya koki, akayajaza yeye mwenyewe moja baada ya jingine, hakutaka msaada. Kaka akayabeba akayapanga pale palipofagiliwa, na zile kamba alizokuja nazo akayafungia madumu. Alipomaliza alisimama mbele ya mama kama mtoto aliyetumwa dukani. Mama akamfuta vumbi lililobaki sikioni.

"Yakiisha uje tena," akamwambia.

Kaka akapanda gari, akaligeuza polepole ili maji yasimwagike, na mama akabaki amesimama mlangoni kwake.